Somo la wavumbuzi lianzie kwenye mzinga wa Mbeere

Muulize mtoto wa Gredi ya Sita mjini Embu ni nani aliyevumbua taa ya umeme, atakujibu kabla hujamaliza swali: Thomas Edison. Simu? Alexander Graham Bell. Ndege? Wilbur na Orville Wright, mwaka wa 1903. Sasa muulize ni nani aliyebuni mzinga wa nyuki uliotundikwa nyuma ya nyumba ya babu yake kule Siakago, ule wenye umbo la hori, na kwa nini kila kibao cha juu kina upana wa milimita 32, wala si 40. Hapo atakodoa macho. Mwalimu wake naye, tusimwonee, huenda akakodoa vilevile, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha.

Somo la wavumbuzi katika shule zetu limekuwa orodha ya majina na miaka. Mtoto hulimaliza akiamini kwamba uvumbuzi ni kazi ya mzungu mwenye ndevu, aliyejifungia peke yake hadi usiku mmoja akapiga kelele za furaha. Hata Edison mwenyewe hakuishi hivyo. Joseph Swan wa Uingereza alikuwa na taa yake wakati uleule, na mwaka wa 1883 wawili hao waliishia kuunganisha kampuni zao nchini humo. Lewis Latimer, Mmarekani mweusi ambaye wazazi wake walitoroka utumwa, ndiye aliyepata hataza mwaka wa 1882 ya njia bora ya kutengeneza uzi wa kaboni unaowaka ndani ya taa. Ukifuata taa utakutana na watu wengi. Ukifuata jina la Edison utakutana na Edison tu.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa walimu wa Meru na Embu ni hili: anzeni na kitu, kisha fuateni mikono iliyokigusa. Vitu vyenyewe haviko mbali.

Turudi kwenye mzinga. Wafugaji nyuki wa Mbeere na Tharaka wametumia mzinga wa gogo tangu enzi za mababu. Gogo huchimbwa likawa na uwazi ndani, likazibwa pande zote mbili, kisha likatundikwa juu ya mti. Ni kifaa kizuri. Mbao zake nene huwakinga nyuki na jua kali la nyanda za chini, na huko juu nyegere hafiki kwa urahisi. Shida ilikuja wakati wa kurina asali. Masega yalishikamana na ukuta wa gogo, hivyo mrinaji aliyakata gizani bila kujua lipi lina asali na lipi lina majana. Asali ilitoka imechanganyika, na kundi la nyuki likapata hasara. Isitoshe, kupanda mti usiku na mwenge wa moshi ilikuwa kazi ya wanaume, kwa hiyo mama aliyetaka asali yake alilazimika kumtegemea mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada walifanya kazi na wizara ya kilimo ya Kenya kwa ufadhili wa serikali ya Kanada, na matokeo yake ni mzinga ambao leo unajulikana duniani kote kwa jina la nchi hii. Wazo la kuweka vibao juu ya mzinga halikuwa jipya. Wagiriki walikuwa na vikapu vya aina hiyo, na msafiri Mwingereza aliviandika katika karne ya 17. Kilichofanyika Kenya ni kulipima wazo hilo kwa nyuki wa Afrika. Nyuki huyu, akiachwa ajenge apendavyo, huweka takriban milimita 32 kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega linalofuata. Mwenzake wa Ulaya huweka karibu milimita 35. Ukikata kibao cha 32, kila kibao hubeba sega moja, nawe unaweza kukiinua, ukakikagua na kukirudisha. Ukikata cha 40, nyuki hujenga mshazari kutoka kibao kimoja hadi kingine na huwezi kuinua chochote bila kuvunja. Pande za mzinga nazo zimeinama kuelekea ndani, kwa sababu nyuki hawapendi kushikiza sega kwenye ukuta uliolala hivyo. Kisha mzinga huu hutundikwa kwa nyaya kimo cha kiuno, na mama anaufikia bila kupanda mti.

Hebu fikiria darasa la Gredi ya Saba pale Kiritiri likiwa na mzinga mmoja mtupu, rula moja na swali moja: kwa nini 32? Hapo mna hisabati, sayansi, kilimo na historia kwa mpigo. Mna pia jambo ambalo orodha ya majina haiwezi kulionyesha hata siku moja, kwamba mvumbuzi mkubwa katika kisa hiki ni yule aliyekaa kimya akapima nyuki wanafanya nini. Mkulima wa Mbeere aliyejua tabia za nyuki wake bila kuziandika popote naye ana nafasi yake. Mwalikeni shuleni. Mpeni kiti cha mbele, na nauli yake mumrudishie.

Upande wa Meru, kitu chenyewe kina utata kidogo. Katika masoko ya Maua, Laare na Kangeta, miraa hufungwa mabunda na kuviringishwa kwa majani mabichi ya mgomba kabla ya kupakiwa kwenye magari yanayokimbia kama wendawazimu kuelekea Nairobi. Najua mwalimu mkuu atakunja uso akisikia neno miraa darasani, na wazazi wengine wa Igembe watakunja uso wakisikia likikatazwa. Tuliache hilo. Somo hapa ni jani.

Kemikali inayoipa miraa nguvu, kathinoni, huanza kupungua mara tu kitawi kinapokatwa, na baada ya siku mbili hivi mteja anajua kuwa amepewa mti mkavu. Wakulima walilijua tatizo hili kabla ya maabara yoyote kulipa jina. Jani la mgomba ni pana na linakunjika bila kupasuka likiwa bichi, lina nta inayozuia maji kupotea haraka, halina gharama kwa sababu mgomba umeota palepale kando ya mmiraa, na likitupwa linaoza. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, wafanyabiashara wengi nchini walihangaika kutafuta mbadala. Wafungaji wa miraa wala hawakugutuka.

Jaribio lake mwanafunzi anaweza kulifanya kwa sukuma wiki, tusigombane na yeyote. Chukua mafungu matatu yenye uzani sawa. La kwanza lifunge kwa jani bichi la mgomba, la pili kwa gazeti, la tatu liache wazi. Yaweke kivulini, uyapime asubuhi na jioni kwa siku tatu na uandike. Mizani ya duka la jirani inatosha. Siku ya tatu, muulize mtoto jani limefanya kazi gani, halafu muulize lina kasoro gani, maana kasoro nayo ipo: jani hukauka, na likikauka hupasuka. Ungelirekebishaje? Swali hilo la mwisho ndilo mlango wa uvumbuzi. Walio wengi huishia kwenye lile la kwanza.

Mbegu za mahindi tutazipitia upesi. Mahuluti ya H511 na H512, yanayojulikana vizuri na wakulima wa mwinuko wa kati, yalikuzwa katika kituo cha utafiti cha Embu. Kabla yake, mwaka wa 1964, Kitale ilitoa H611, ambayo mzazi wake mmoja ni mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika Kusini. Kituo cha Embu bado kipo, chini ya shirika la KALRO, na kuna watoto wanaopita langoni mwake kila siku wakienda shule.

Umeme nao uko karibu hivyo. Kusini mwa Kaunti ya Embu, Mto Tana umezuiwa kwa mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1968, na Gitaru lina uwezo wa megawati 225. Ndani ya kila mtambo kuna wazo alilolionyesha Michael Faraday mwaka wa 1831, kwamba sumaku ikitembea karibu na waya, umeme hupita. Faraday alikuwa mtoto wa mhunzi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kujalidi vitabu. Alisoma fizikia kwenye vitabu vya wateja. Mtoto wa fundi wa juakali anastahili kuyasikia hayo. Anastahili pia kuambiwa kwamba kwa miaka mingi nyaya za umeme zilipita juu ya paa za Mbeere huku chini yake watu wakisomea koroboi, nayo koroboi ni kazi ya fundi asiyejulikana aliyetazama mkebe mtupu na utambi akaona taa. Uvumbuzi na nani anayefaidika nao ni somo moja.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono, maana mtaala wa umilisi ulituahidi hiyo. Mfumo huu ulianza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, na Gredi ya Saba ya kwanza ikaingia sekondari ya msingi Januari 2023. Wanafunzi hutakiwa kubuni, kuunda na kuonyesha. Kwenye karatasi ni jambo jema sana. Ila mzazi yeyote anajua kinachotokea Jumapili jioni. Mama anafika kwenye kibanda cha juakali pale Makutano mjini Meru, mkononi ana karatasi iliyochanwa kwenye daftari la mtoto.

“Fundi, nataka kinu cha upepo cha shule.”

Fundi hashangai tena. “Cha gredi gani, mama?”

Cha watoto wadogo ni waya na mkebe wa rangi. Cha wakubwa sharti kizunguke, na bei hupanda. Jumatatu asubuhi mtoto anabeba kinu ambacho hajawahi kukishika kwa bisibisi, anapata alama za juu, na kinu kinawekwa juu ya kabati la walimu mpaka kipate kutu. Fundi amefanya mazoezi ya ubunifu. Mama amefanya mazoezi ya kulipa. Mtoto ndiye aliyebaki bila zoezi.

Siwalaumu walimu peke yao. Sekondari za msingi nyingi zimekaa ndani ya shule za msingi zisizo na maabara wala karakana, na mwalimu mmoja hufundisha masomo asiyoyasomea chuoni. Tumewahi kupita njia hii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985, wazazi walichangishwa kujenga karakana za useremala na vyumba vya sayansikimu. Vingine vilimalizika, vingine vikabaki kuta bila paa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya mikono yalikuwa yameondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane, na kisichotahiniwa Kenya hakifundishwi. Wazazi wa leo wanaonunua vinu vya upepo ni watoto wa karakana zile. Wanajua mchezo huu unavyoisha.

Dawa ya muda mfupi haihitaji bajeti. Mwalimu asipe alama kwa kitu kilichoundwa. Ampe alama mtoto kwa daftari. Ndani yake kuwe na mchoro wa kwanza, uliokosea, na sababu ya kukosea, na mchoro wa pili, na jina la kila aliyemsaidia, fundi akiwa wa kwanza. Daftari ni vigumu kulinunua Makutano, na hata likinunuliwa, maswali matatu ya mdomo yatalifichua. Na badala ya mama kwenda kwa fundi, darasa zima liende. Wakae hapo saa mbili wamtazame akikata bati, wamuulize jiko lake la makaa lilitoka wapi.

Jiko hilo lina hadithi nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi mwaka wa 1981, Wakenya, akiwemo Max Kinyanjui, walijifunza kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand lenye udongo ndani. Walilibadilisha lilingane na sufuria zetu na ugali wetu unaosongwa kwa nguvu: jiko linalopinduka ugali ukisongwa hakuna mama angelinunua. Mafundi wa juakali jijini Nairobi walilinakili na kuliboresha hadi likawa la kila mtu. Kikombe cha udongo ndani hushika joto na makaa hudumu. Ukitaka kujua mvumbuzi wa jiko hilo, itabidi uandike Thailand, Kinyanjui, mafundi, wafinyanzi, na akina mama waliolirudisha dukani wakisema linapasuka.

Hali ni hiyohiyo kwa M-Pesa. Kuna hadithi inayovuma shuleni na vyuoni kwamba mwanafunzi fulani Mkenya alibuni M-Pesa akaibiwa. Watoto huipenda kwa sababu ina mwizi. Kinachojulikana ni kwamba mradi ulianzia Vodafone, chini ya Nick Hughes na Susie Lonie, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, na ukajaribiwa mwaka wa 2005 pamoja na shirika la mikopo la Faulu. Ulilenga watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wa majaribio wakaanza kuutumia kutumiana pesa wao kwa wao, kwa sababu zao wenyewe. Waliousimamia walikuwa na akili ya kutazama hilo, na Safaricom ilipozindua huduma Machi 2007, kutuma pesa nyumbani ndiyo iliyokuwa bidhaa. Darasani Nkubu ningeuliza: katika kisa hiki, wateja wale tuwaite nani? Ningeacha wabishane hadi kengele ilie.

Mtoto anayebishana na mwalimu hupata taabu, hilo tulikubali. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, nchini Tanzania, mwaka wa 1963. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Siku moja, kwa kugombea nafasi kwenye friji, aliweka maziwa yakiwa bado moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza tena mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na wenzake wakamcheka. Osborne alirudi akajaribu. Mwaka wa 1969 wawili hao walichapisha matokeo pamoja, na wanafizikia bado wanabishana juu ya jambo hilo, wakiliita kwa jina la Mpemba. Naye Beth Koigi, Mkenya aliyekuwa na kampuni ya Majik Water ya kuvuna maji kutoka hewani, alianza na chujio alilojiundia akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mashariki mwa nchi, kwa sababu maji ya bomba yalikuwa machafu. Mwaka wa 2019 alifika fainali ya tuzo ya Afrika ya akademia ya wahandisi ya Uingereza. Kisa chake kinafaa sana kwa mabweni ya huku kwetu, yenye mabomba ya aina hiyohiyo.

Vyuo vipo. Meru kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia pale Nchiru, kilichopewa hati mwaka wa 2013, na kuna Meru National Polytechnic yenye karakana ambazo shule za msingi huziota tu. Chuo Kikuu cha Embu kilipata hati mwaka wa 2016. Mjini Meru kuna makumbusho ndani ya jengo la mawe la enzi za ukoloni, na zana za wazee ziko humo. Kufungua milango ya karakana hizo Jumamosi mbili kwa muhula kwa watoto wa shule za jirani ni suala la barua na ufunguo. Kaunti zimetumia pesa nyingi zaidi kwa mambo madogo zaidi.

Limebaki jambo moja ambalo shule nyingi hazilitaji kabisa, nalo ni sheria. Kila mwaka wanafunzi huonyesha miradi yao kwenye maonyesho ya sayansi na uhandisi, kuanzia kaunti ndogo hadi taifa. Hupigwa picha, huhojiwa na redio, hueleza kila kitu mbele ya umma. Sheria ya Mali ya Viwandani ya mwaka wa 2001 hudai uvumbuzi uwe mpya ndipo upewe hataza, ila humpa mvumbuzi aliyeutangaza mwenyewe miezi 12 ya kuwasilisha ombi. Ikipita, basi. Hataza hudumu miaka 20. Kwa maboresho madogo kuna ulinzi mwepesi zaidi wa miaka 10, na huo ndio unaofaa kazi nyingi za wanafunzi. Ofisi husika ni Taasisi ya Mali ya Viwandani, KIPI, jijini Nairobi.

Basi mzazi ambaye mtoto wake alionyesha kitu mwaka huu, iwe Runyenjes au Maua, tafuta tarehe ya maonyesho hayo na uhesabu miezi 12 kuanzia siku hiyo. Mwalimu mlezi wa klabu ya sayansi, fanya hivyo kwa kila mradi uliopita ngazi ya kaunti, na uandike tarehe ya mwisho ubaoni kwenye chumba cha walimu. Kama mtoto hana daftari la kuonyesha alianza lini na alifanya nini, anzeni kuliandika sasa, angali anakumbuka.